Kura ya Pili ya Diwani Wendell

Wendell Stroud alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Alikuwa pia diwani. Katika mji mdogo wa Bracken Ford, kando ya Mto Ohio, mtu anaweza kuwa vyote viwili. Asubuhi alipanda ngazi na kugonga misumari. Jumanne jioni alivaa shati safi, akaenda kukaa na madiwani wenzake sita kuzungumzia mashimo ya barabarani, taka, na mbwa wanaozurura.

Kwa miaka mingi alifanya kazi na mdogo wake, Orrin. Orrin alikuwa mcheshi. Akiwa juu ya paa aliimba kwa sauti mbaya makusudi, mpaka majirani wakafunga madirisha.

"Nyamaza, utatufukuzia wateja!" Wendell alikuwa akimpigia kelele.

"Wateja wako wanakimbia bei, kaka, si sauti yangu," Orrin alijibu.

Siku moja ya vuli, Orrin aliteleza kwenye paa la kanisa akaanguka. Hakufa, ila mgongo uliumia vibaya. Daktari alimwandikia vidonge vikali vya maumivu. Wakati huo vidonge vile vilitolewa kama peremende. Watu waliambiwa havina madhara.

Baada ya wiki sita Orrin alikuwa bado anatembea ameinama. Lakini kazi zilikuwa nyingi, na baridi ilikuwa inakaribia. Wendell alikwenda nyumbani kwake.

"Vidonge unavyo?" aliuliza.

"Ninavyo."

"Basi meza, upande ngazi. Mimi siwezi kumaliza mapaa matatu peke yangu."

Orrin alimeza, akapanda.

Maneno hayo Wendell aliyasahau haraka. Baadaye yalimrudia, na hayakumwacha tena.

Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitano. Daktari alipogundua, alikata dawa ghafla. Orrin akaanza kutetemeka, kutapika, kutoka jasho na kukosa usingizi. Hiyo ndiyo arosto. Ili aipoze, alinunua vidonge mitaani. Vya mitaani vilipokuwa ghali, alinunua unga wa heroini. Mkewe, Tammi, aliyekuwa akifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, naye alianza kumeza vidonge vya mumewe kwa maumivu ya meno. Mwisho wake wote wawili walinasa.

Orrin aliuza mashine ya Wendell ya kupigilia misumari. Wendell akamfukuza kazi.

Mwaka huohuo, jirani wa Wendell aliyeitwa Odessa Whitlow alikuja mbele ya baraza. Odessa alikuwa muuguzi wa idara ya afya, mama wa makamo, mpole wa sauti lakini mgumu kama msumari. Aliomba mji ukodishe duka la viatu lililofungwa katika Mtaa wa Elm, liwe kliniki ya waraibu. Watu wapewe dawa za tiba na ushauri. Kliniki ya karibu zaidi ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari.

Wendell ndiye aliyesimama kupinga. Alikuwa na hasira za mashine yake.

"Jirani yangu Odessa ana moyo mzuri," alisema. "Lakini mimi sitaki mateja wapange foleni katikati ya mji. Na hizo dawa zenyewe ni ulevi tu. Mnamtoa mtu kwenye ulevi wa barabarani, mnampa ulevi wa serikali!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Kura zikapigwa. Wanne walipinga, watatu waliunga mkono. Kliniki haikufunguliwa.

Mwaka uliofuata Orrin alimwendea kaka yake. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba.

"Kaka, nipeleke kwenye ile kliniki ya mbali. Gari langu limekufa. Nimeandikisha jina, wakiniita nitahitaji lifti."

"Huna haja ya kliniki," Wendell alisema. "Unahitaji kuacha. Panda gari."

Akampeleka kwenye kibanda cha kuwindia kulungu, mbali msituni, ambako simu hazishiki. Wakakaa huko wiki tano. Siku za kwanza Orrin alilia kama mtoto. Wendell alimpikia maharagwe na nyama ya nguruwe, akamfunika blanketi, akamshika mkono. Hakuna anayeweza kusema kwamba hakumpenda mdogo wake.

Waliporudi, Orrin alikuwa amenenepa, macho yameng'aa. Kanisani watu walimpongeza Wendell.

"Umemwokoa ndugu yako," walisema.

"Nilimtibu mwenyewe," Wendell alijibu. "Bila senti ya serikali."

Siku ya nane baada ya kurudi, Orrin alikutwa sakafuni bafuni kwake. Alikuwa amekufa.

Wendell alimlaumu Tammi. Aliamini kwamba yeye ndiye aliyempa mumewe unga. Siku ya mazishi alimzuia asikae kiti cha mbele.

"Kaa nyuma na wenzako," alimwambia mbele za watu.

Tammi alikaa nyuma, peke yake. Marlene, mke wa Wendell, alitazama chini kwa aibu. Lakini hakusema neno.

*

Miaka miwili ikapita. Ikaja habari kwamba mji utapata fedha. Kampuni zilizotengeneza na kusambaza vile vidonge zilikuwa zimeshtakiwa na majimbo na miji mingi. Zilikubali kulipa fidia. Sehemu ya fidia ilikuwa ikigawiwa kwa miji, kidogo kidogo kila mwaka. Sasa Bracken Ford ilikuwa inasubiri mgawo wake wa kwanza, na baraza lilipaswa kuamua utumike vipi.

Mkuu wa polisi alitaka magari mapya. Meya, mama aliyeitwa Coreen Haught, alitaka kukarabati jengo la mahakama. Wendell aliona magari ni wazo zuri.

Jumamosi moja alikuwa akitengeneza mfereji wa maji ya mvua kwenye paa la Odessa. Odessa alimletea glasi ya chai ya baridi.

"Shuka kidogo, jirani. Nataka kukuuliza jambo."

"Kama ni kliniki yako, nitabaki huku huku juu."

"Baki. Nitapiga kelele, na mtaa mzima usikie."

Wendell akacheka, akashuka. Wakakaa kwenye ngazi za kibaraza cha nyumba.

"Zile fedha," Odessa alisema, "zimetoka wapi?"

"Kwenye kampuni za dawa."

"Kwa nini zililipa?"

"Kwa sababu watu walikufa."

"Kina nani?"

Wendell aliangalia chai yake.

"Orrin ni mmoja wao," Odessa alisema taratibu. "Sasa utamnunulia gari la polisi?"

"Orrin alikuwa ameacha!" Wendell alisema kwa ukali. "Wiki tano hakugusa kitu! Nilikuwa naye! Yule mwanamke ndiye aliyemrudisha."

Odessa alimgeukia. Kisha akauliza, "Je, kuna mtu aliyewahi kukueleza kinachotokea mwilini mtu akiacha?"

"Anapona. Nini tena?"

"Hapana, Wendell. Sikiliza. Mtu akitumia kila siku, mwili unazoea. Kilichomtosha jana, leo hakimtoshi. Anaongeza. Ukimzuia kwa wiki kadhaa, mwili unapoteza yale mazoea. Lakini hamu haiondoki. Hamu iko kwenye ubongo, na ubongo unachukua muda mrefu sana kutulia. Siku anaposhindwa, anachukua kiasi kilekile cha zamani. Mwili hauwezi tena. Usingizi mzito unamchukua, pumzi inasimama. Ndiyo maana wengi hufa baada ya kutoka jela, au baada ya kufungiwa mahali waache kwa nguvu."

Wendell aliweka glasi chini.

"Unasema nilimuua."

"Sisemi hivyo. Sumu iliyoko kwenye unga wa siku hizi ni kali mno. Na wewe ulifanya ulichokijua. Lakini ulichokijua hakikuwa sahihi, na mimi nilikuja mbele yenu kukisema, mkanicheka."

"Nilikucheka."

"Wewe ndiye uliyeanza."

Mbwa alibweka mtaa wa pili. Wendell aliinua tena glasi yake.

"Na zile dawa za kliniki?" hatimaye aliuliza. "Si ulevi mwingine?"

"Wewe una presha. Asubuhi unameza nini?"

"Kidonge."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nisipokunywa Marlene ananifokea."

"Mbona hatukuiti teja wa presha?"

Wendell karibu acheke. Hakuweza.

"Hii ni hivyo hivyo," Odessa aliendelea. "Kuna ya kunywa, methadoni, na kuna ya kuweka chini ya ulimi. Daktari anapima kipimo. Ikipimwa vizuri mtu halewi. Arosto inatulia, hamu inapungua. Anakwenda kazini, anakula, analala. Halafu mshauri anazungumza naye kuhusu mambo mengine, huzuni, hofu, maumivu. Wengine wanatumia mwaka, wengine maisha yao yote. Uraibu ni ugonjwa, Wendell. Hautibiwi kwa kumfungia mtu msituni."

Kabla Wendell hajaondoka, Odessa alimpa vichupa viwili vidogo vya dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua mtu aliyezidisha unga.

"Ukimkuta mtu amelala haamki, midomo imekuwa ya bluu, hapumui vizuri, piga simu ya dharura kwanza. Kisha mpulizie hii puani, umpe pumzi mdomoni kama unaweza. Dakika mbili au tatu zikipita hajaamka, mpulizie nyingine. Akianza kupumua mlaze ubavu. Usimwache, maana dawa hii inaisha nguvu na anaweza kuzama tena."

"Kama ningekuwa nayo..."

"Na wewe hukuwa pale," Odessa alisema. "Ukitaka kujua nani alikuwa pale, nenda kamuulize Tammi. Hujawahi kumuuliza."

*

Tammi aliishi kwenye nyumba ya bati ya kukokotwa na gari, nyuma ya uwanja wa magari mabovu. Alifungua mlango nusu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, lakini mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Shemeji," alisema. "Umekuja kunitukana, au umekosea njia?"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile, ulimpa wewe?"

Tammi alifungua mlango wote.

"Siku ile nilikuwa zamu ya mchana. Nilifua mashuka ya wazee arobaini. Niliporudi nilimkuta sakafuni. Nilimpulizia pumzi mdomoni mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mbavu zake zilikuwa bado na joto. Hicho ndicho nilichompa, shemeji. Pumzi."

Wendell alishika fremu ya mlango.

Tammi aliingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa.

"Hii ilikuja siku kumi na moja baada ya mazishi."

Ilikuwa barua kutoka ile kliniki ya mbali. Iliandikwa kwamba jina la Orrin Stroud lilikuwa limefika mbele ya orodha. Nafasi imepatikana. Tafadhali afike Jumatatu.

Wendell aliisoma mara mbili. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Kama kliniki ingefunguliwa Mtaa wa Elm, Orrin asingesubiri orodha ya watu wa miji mingine. Kura zilikuwa nne kwa tatu. Moja ingetosha.

"Tammi, nisamehe."

"Usinipe mzigo huo," Tammi alisema. "Uliniweka nyuma, shemeji. Mume wangu yuko mbele kwenye sanduku, mimi niko nyuma na makoti ya watu. Leo unataka nikufute machozi?"

"Hapana."

"Basi unataka nini?"

Wendell aliona vile anavyojikuna mikono, na jasho kwenye mdomo wa juu ingawa kulikuwa na ubaridi. Alikuwa ameiona hali hiyo kwa wiki tano. Safari hii alifanya kitu ambacho hakukifanya mara ya kwanza. Aliuliza.

"Unahitaji nini wewe?"

Tammi alifuta pua kwa mkono wa shati.

"Gari," alisema. "Wamenipa nafasi kule kliniki ya mbali. Wiki tatu sasa nashindwa kufika."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa moja, gari la Wendell lilikuwa limesimama nje, ngazi zikiwa bado juu yake. Walikwenda mwendo wa saa mbili bila kuzungumza. Walirudi mwendo uleule bila kuzungumza. Kwenye kioo Wendell alimwona Tammi amelala, mdomo wazi, kama mtu aliyeteremsha mzigo.

*

Jumanne ya kura, ukumbi ulijaa. Jua la kiangazi lilikuwa bado linaingia madirishani. Mkuu wa polisi, Lyle Brandt, alieleza jinsi magari yake yalivyochakaa. Hakuwa mtu mbaya. Vijana wake ndio waliofika kwanza kila mara mtu alipozidisha dozi.

Odessa naye alisoma ombi lake. Lilikuwa lilelile la zamani.

Kisha Wendell akaomba kusema.

"Mwaka ule nilisimama hapa hapa," alianza. "Nilisema hizi dawa ni ulevi wa serikali. Mlicheka. Nilifurahi mlivyocheka."

"Hata leo ni kweli!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

"Si kweli, Dwight," Wendell alisema. "Ningependa iwe kweli. Ingekuwa kweli, ningelala usingizi."

Akawageukia madiwani wenzake.

"Mdogo wangu aliniomba lifti kwenda kliniki. Nikampeleka msituni. Nilimwachisha kwa nguvu, wiki tano, nikajisifu. Sikujua kwamba nilikuwa nauondolea mwili wake kinga. Kuna mtu alikuwa anajua, anakaa ng'ambo ya barabara yangu, na nilikuwa nimemzomea. Halafu mkewe nikamfedhehesha kwenye mazishi, na hakuwa na kosa."

Alimtazama Tammi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, mkoba ameushika tayari kuondoka.

"Wewe ni diwani wa kuyumba, Wendell," diwani mmoja alisema. "Ulisema hapana, sasa unasema ndiyo. Tukuamini kwa lipi?"

"Maneno yangu yameandikwa kwenye kumbukumbu za baraza. Yasomeni ya mwaka ule na ya leo, halafu mwende makaburini mkahesabu. Fedha hizi zimekuja kwa sababu ya waliokufa. Mkuu wa polisi anahitaji magari, naomba tumtafutie mahali pengine. Hizi ziende kwa walio hai."

Meya akapigisha kura. Sauti ya kila mmoja ilisikika. Wanne waliunga mkono, watatu walipinga.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa polisi alimpita Wendell mlangoni, akamgusa bega, akaendelea na safari yake.

*

Kliniki haikufunguliwa kesho yake. Ilibidi watafutwe daktari, wauguzi na mshauri. Duka la viatu lilikuwa linavuja. Wendell aliliezeka bila malipo, na kwa sababu alikuwa peke yake, alichukua mwezi mzima.

Dawa za kupuliza puani zilifika mapema zaidi. Ziliwekwa maktaba, kituo cha zimamoto na shuleni. Odessa aliwafundisha watu kuzitumia, na Marlene alikaa kiti cha mbele akiandika kila neno. Kabla ya Krismasi, mtunza maktaba alimpulizia msichana aliyeanguka chooni. Msichana yule yu hai.

Miezi yote hiyo Wendell alimpeleka Tammi kule mbali, mara moja kila wiki. Polepole wakaanza kuzungumza. Mara ya kwanza waliongea kuhusu hali ya hewa, mara ya nne kuhusu nyimbo za Orrin. Mwezi wa Februari Tammi aliteleza, akatumia tena, siku moja. Wendell alifikiri kila kitu kimekwisha.

"Watamfukuza?" alimuuliza Odessa.

"Kwa nini wamfukuze? Sukari ya mgonjwa ikipanda, hospitali inamfukuza? Watamwangalia upya, watarekebisha dozi. Mpeleke leo, usingoje siku yake."

Alimpeleka. Hawakumfukuza. Akaendelea.

Kliniki ya Mtaa wa Elm ilifunguliwa mwezi wa Aprili. Tammi alikuwa wa sita kwenye foleni. Foleni ile haikuwa kama Wendell alivyowatisha watu zamani. Kulikuwa na mpishi wa shule, dereva wa lori, mama mwenye mtoto mgongoni, na mwalimu aliyestaafu. Alimfahamu kila mmoja. Mapaa ya wawili alikuwa ameyaezeka yeye.

Alimsubiri Tammi nje. Marlene alikuwa amemwalika chakula cha mchana nyumbani kwao. Tammi alitoka mapema kuliko alivyotarajia. Alikuwa amenenepa kidogo, na alivaa sare yake ya kazini.

"Tayari?" Wendell alishangaa.

"Tayari. Dakika kumi na tano. Nimekuja kwa miguu, nitakwenda kazini kwa miguu baada ya kula."

Alisimama kando yake wakatazama mtaa. Nyumba aliyoishi na Orrin zamani ilikuwa inaonekana kutoka pale, kona ya tatu, yenye mlango wa kijani.

"Orrin angekuja kwa miguu, shemeji," Tammi alisema. "Hata na mgongo wake ule. Angekuja anaimba."

Wendell alitazama ule mlango wa kijani. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

Tammi alimwacha asimame hivyo kwa muda. Kisha akamgusa kiwiko.

"Twende," alisema. "Marlene anatusubiri."